Shanti, chipu ya Hall au klampu: ipi ikupimie mkondo?

Mezani kwangu Kirumba, Mwanza, nilifunga vipimo viwili kwenye waya mmoja wa betri, kimoja nyuma ya kingine, ili mkondo uleule upite kote kuwili. Mzigo ulikuwa taa mbili za dagaa, wati 10 kila moja. Niliwasha saa 12 jioni, nikazima saa 12 asubuhi. Kipimo cha shanti kilisema betri imetoa ampea-saa 20.1. Kipimo cha chipu ya Hall kilisema 21.9.

Mtu atasema ampea-saa mbili si kitu. Kwa usiku mmoja, kweli si kitu. Lakini mita ya betri haihesabu usiku mmoja. Inahesabu usiku juu ya usiku, giza zima (zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa kwa taa), na kosa la jana linabebwa hadi leo. Mwenye mtumbwi aliyeko katikati ya ziwa saa tisa usiku, wavu uko majini, anaitazama ile namba ya asilimia ili aamue kama awashe taa zote au azime mbili. Namba hiyo ikimdanganya, dagaa wanatawanyika kabla wavu haujavutwa.

Kwa hiyo swali ninaloulizwa na vijana karibu kila wiki, "Kaka, ninunue ACS712 au INA219?", yaani chipu ya Hall au chipu ya kusoma shanti, nalichukulia kwa uzito. Jibu langu la haraka ni hili: kwa betri, chukua shanti yenye chipu ya INA226. Kwa umeme wa ukutani, chukua klampu. Chipu ya Hall ina kazi zake, nitazitaja, lakini kuhesabu chaji ya betri si mojawapo. Sababu zenyewe ni ndefu kidogo.

Zinavyouona mkondo

Shanti ni ukinzani mdogo sana ambao mkondo wote unalazimishwa kupita. Kwa kanuni ya Ohm, mkondo ukipita kwenye ukinzani unaacha volti, na chipu inaipima ile volti. Shanti ya kawaida ya madukani imeandikwa 100A 75mV, maana yake ampea 100 zikipita utaona milivolti 75. Piga hesabu utapata ukinzani wa miliomu 0.75. Ampea moja inaacha milivolti 0.75 tu, kiasi ambacho multimita nyingi za mafundi wetu hazikisomi vizuri. Ndiyo maana panahitajika chipu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Chipu ya Hall haipimi volti ya ukinzani. Inapima sumaku ambayo kila mkondo huizaa pembeni yake. Edwin Hall aliiona athari hiyo mwaka 1879 akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, Marekani. Alipitisha mkondo kwenye utando mwembamba wa dhahabu, akauweka kwenye sumaku, akaona volti ndogo ikijitokeza ubavuni. Sumaku inasukuma chaji upande mmoja, basi upande huo na wa pili hauko sawa tena. Kwenye silikoni athari hiyo ni kubwa kuliko kwenye dhahabu kwa sababu chaji zinazotembea ni chache zaidi, na uzuri wa silikoni ni kwamba kihisi na kikuza-ishara vinachongwa kwenye kipande kimoja. Ndani ya ACS712, mkondo wako unapita kwenye shaba nene ya miliomu 1.2 iliyo chini ya silikoni hiyo bila kuigusa. Umeme wa upande wa mzigo na umeme wa upande wa kompyuta yako ndogo havikutani, na chipu imejengwa kuhimili hadi volti 2,100 kati ya pande hizo mbili.

Klampu ni transfoma: msingi wa feraiti unaofunguka kama kibanio, na koili yenye mizunguko mingi ndani yake. Unaubana juu ya waya bila kuukata. Transfoma huona mkondo unaobadilika tu. Ukiibana kwenye waya wa betri itakaa kimya, hata zipite ampea 50. Nimewaona watu wawili wakiirudisha dukani wakidai ni mbovu, kumbe waliinunua kwa ajili ya sola.

Betri ya taa za dagaa

Hapa ndipo nakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi za mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, zilipo. Karabai zimepungua, taa za LED za volti 12 zimeingia, na sasa betri za lithiamu nazo zinaingia taratibu.

Kama betri yako ni ya asidi, ile ya zamani, unaweza kuishi bila kipimo cha mkondo. Ikitulia bila mzigo, volti yake inasema ukweli: karibu 12.7 imejaa, karibu 12.1 imefika nusu. Voltimita ndogo ya kubandika inatosha. Sitaki mtu atumie fedha kwa kitu ambacho hakihitaji.

Lithiamu ya fosfeti ya chuma ni habari nyingine. Hiyo inakaa kwenye volti ileile karibu safari nzima. Kutoka ilipokaribia kujaa hadi ilipobaki robo, volti yake ikiwa imetulia inashuka kutoka 13.3 hadi 13.0 hivi. Kwa mzigo uliowashwa huwezi kuitofautisha nusu na robo kwa kuangalia volti. Njia inayobaki ni kuhesabu chaji inayoingia na inayotoka, kama mama wa duka anavyoandika mauzo na manunuzi kwenye daftari. Na daftari lenye kosa dogo kila mstari, mwisho wa mwezi halifungi.

Sasa tuiangalie ACS712 ya ampea 30 kwa karibu. Kwa kila ampea inatoa milivolti 66. Arduino Uno, bodi ya kompyuta ndogo inayoisoma chipu, inagawa volti 5 katika hatua 1,024, kwa hiyo hatua moja ni milivolti 4.88. Gawanya kwa 66: hatua moja ya Arduino ni miliampea 74. Sifuri yako ikikaa pembeni kwa hatua moja tu, kitu ambacho joto la mchana peke yake linaweza kukifanya, mita inaandika miliampea 74 ambazo hazipo. Kwa saa 24 hizo ni ampea-saa 1.8. Kwa siku 30 ni zaidi ya 53. Betri ya ampea-saa 100 imekaa kwenye rafu bila kuguswa, na mita inakwambia imepungua zaidi ya nusu.

Nakubali kwamba ukichukua vipimo mia na kutafuta wastani unapata hatua ndogo zaidi. Mimi nafanya hivyo. Lakini wastani unaondoa kelele, hauondoi sifuri iliyohama. Karatasi ya Allegro, kiwanda kinachoitengeneza ACS712, yenyewe inataja kosa la jumla la asilimia 1.5 kwa nyuzi joto 25, mkondo ukiwa kamili. Kwa chipu ya ampea 30 hiyo ni karibu nusu ampea, yaani zaidi ya nusu ya taa moja ya dagaa.

Kuna jambo la pili, nalo lilinichukua siku mbili kulielewa. Nilifunga kisanduku chenye ACS712 kwenye rafu ya mteja, nikarekebisha sifuri vizuri, nikaondoka. Kesho yake akapiga simu: "Fundi, taa zote zimezimwa ila mita inasema zinakula ampea mbili." Nikarudi, nikakuta sifuri imehama kweli. Nilibadilisha chipu, nikabadilisha nyaya, hali ileile. Mwishowe nilipomwomba aisogeze redio yake pembeni ili nipate nafasi ya kukaa, namba ikarudi sifuri mbele ya macho yangu. Spika ya redio ina sumaku, na chipu ya Hall haitofautishi sumaku ya mkondo wako na sumaku ya spika. Kwake zote ni sumaku. Allegro wana chipu mpya zaidi, kama ACS724, zenye vihisi viwili vya Hall ndani vinavyotoana, ili sumaku ya mbali inayovipiga vyote sawasawa ijifute. Ukilazimika kutumia Hall karibu na spika, mota au transfoma ya inveta, tafuta hiyo.

Jambo la tatu linawahusu wanaotumia ESP32, bodi nyingine ya kompyuta ndogo. ACS712 inataka volti 5, na sifuri yake ni nusu ya umeme unaoipa: ukiipa 5.0 sifuri ni 2.5, ukiipa 4.7 sifuri ni 2.35. Kwenye Arduino inayopima kwa kulinganisha na volti hiyohiyo, mambo hayo yanakwenda pamoja na kosa linajifuta. Kwenye ESP32 inayofanya kazi kwa 3.3, hayajifuti. Ile tofauti ya volti 0.15 inasomeka kama ampea 2.3 za uongo. Juu ya hapo, mkondo ukiwa mkubwa chipu inatoa volti zinazozidi uwezo wa mguu wa ESP32, kwa hiyo lazima uweke rezista mbili za kugawa volti katikati.

Shanti na INA226 inapimaje usiku uleule? Hatua moja ya INA226 ni maikrovolti 2.5. Kwa shanti ya miliomu 0.75, hiyo ni miliampea 3.3. Sifuri yake, kwa ahadi ya watengenezaji wake, Texas Instruments, haihami zaidi ya maikrovolti 10, sawa na miliampea 13 kwa shanti hiyo. Katika hali mbaya kabisa ni ampea-saa 0.32 kwa siku. Si sifuri, na sitakudanganya kwamba unaweza kuhesabu mwaka mzima. Lakini betri ya mtumbwi inachajiwa ikajaa kila baada ya siku moja au mbili, na programu yako inaweza kurudisha hesabu kwenye asilimia 100 kila betri inapojaa. Kosa la theluthi ya ampea-saa linafutwa kabla halijakua. Kwa ACS712 hata kufuta huko hakutoshi ikiwa kisanduku kinaiva juani mchana na kupoa ziwani usiku.

INA219 au INA226?

Hizi mbili ni ndugu na zinafanana hadi kwenye anwani ya kuanzia (namba ambayo kompyuta huiitia chipu), 0x40, ndiyo maana watu huzichanganya. Kwa taa moja au mbili za volti 12, INA219 inatosha kabisa. Moduli yake inakuja na shanti ya omu 0.1 tayari, inasoma hadi ampea 3.2. Angalia mipaka hiyo: taa nne za wati 10 zinakula ampea 3.3, na hapo umeshapita. Pia omu 0.1 si kidogo. Kwa ampea 3.2 unapoteza volti 0.32 na wati moja ya joto ndani ya kisanduku kilichofungwa.

Mpaka mwingine uliniunguzia chipu tatu. INA219 inapima hadi volti 26. Mtu ana betri mbili mfululizo, anasema "mfumo wangu ni volti 24", unafikiri uko ndani. Lakini betri hizo zikichajiwa zinafika volti 28 na pointi. Chipu haifi siku ya kwanza unapoijaribu usiku. Inakufa siku ya pili jua likiwa kali, na unabaki unalaumu moduli. INA226 inakwenda hadi 36, kwa hiyo 24 inaimudu. Kwa mifumo ya 48 hakuna kati ya hizo mbili inayofaa ikiwekwa upande wa chanya.

Unaponunua INA226, ichunguze ile rezista nyeusi kubwa kwenye bodi kabla hujalipa. Ikiandikwa R100 ni omu 0.1, na kwa kuwa INA226 inaishia milivolti 82 hivi, bodi hiyo haifiki hata ampea moja. R010 ni omu 0.01, inafika ampea 8. R002 inafika 40 kwenye karatasi, ingawa rezista ndogo hivyo na njia za shaba za bodi hazitavumilia. Mimi sipitishi zaidi ya 15. Kwa mkondo mkubwa naing'oa rezista ya bodi na kufunga shanti ya nje. Moduli hizi zote zinafanana rangi na umbo, na muuzaji mara nyingi hajui tofauti. Nenda na miwani kama unaihitaji.

Kuhusu shanti ya nje: ina skrubu kubwa mbili na ndogo mbili. Kubwa ni za mkondo, ndogo ni za kupimia. Nimekuta mitumbwi ambayo fundi kafunga waya wa chipu kwenye skrubu kubwa, juu ya kiatu cha kebo. Hapo unapima shanti pamoja na kutu ya mgusano, na kutu ukandoni mwa ziwa haichelewi. Kwa kitu chenye miliomu 0.75, mgusano mbovu unaweza kuwa mkubwa kuliko shanti yenyewe.

Na usijaribu kutengeneza shanti kwa kipande cha waya wa shaba, hata kama hesabu ya urefu imekaa vizuri. Ukinzani wa shaba unapanda kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kutoka nyuzi 20 za alfajiri ziwani hadi nyuzi 45 ndani ya sanduku mchana, hiyo ni karibu asilimia 10. Shanti ya kiwandani inatumia manganini, aloi ya shaba, manganizi na nikeli, kwa sababu ukinzani wake haubadiliki sana na joto. Ukiitazama utaona vile vibapa vya rangi ya kahawia kati ya vipande viwili vya shaba nyeupe, na vingine vina alama ya msumeno pembeni. Huo si ubovu. Kiwandani walikata kidogo kidogo hadi thamani ikakaa sawa.

Shanti ina udhaifu mmoja ambao Hall na klampu hazina: iko ndani ya njia ya umeme, na ikiwekwa upande wa hasi, kila kitu lazima kirudi kupitia kwake. Msimu uliopita mzee mmoja wa Igombe aliniita asubuhi, amekasirika. Taa zilizima saa tisa usiku huku mita ikionyesha asilimia 40. Nilifungua sanduku nikakuta kijana wake kachomeka waya wa kuchajia simu moja kwa moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, na redio juu yake. Mkondo huo haukupita kwenye shanti hata kidogo, kwa hiyo haukuandikwa popote. Tangu siku hiyo kichwa cha hasi ninakifunika kwa mpira na kuacha waya mmoja tu ukitoka, ule unaokwenda kwenye shanti. Nyaya nyingine zote zinaanzia upande wa pili.

Kwa nini Hall ileile ndiyo kipimo cha dunia

Kuna kitu kinanivutia hapa, na nadhani mtu anayechagua kati ya vipimo hivi anastahili kukijua. Nimeiponda Hall kwa ukosefu wa uthabiti, lakini kipimo thabiti kuliko vyote cha ukinzani duniani kinatokana na Hall pia. Mwaka 1980 Klaus von Klitzing, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya sumaku kali huko Grenoble, Ufaransa, aliipoza transista ya silikoni hadi karibu na sifuri kamili ya joto, akaiweka kwenye sumaku kali sana, akaona ukinzani wa Hall haupandi kwa mteremko. Unapanda kwa ngazi. Na kila ngazi ni sehemu kamili ya namba moja, karibu omu 25,812.8, bila kujali umbo la transista wala nani kaitengeneza. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985, na taasisi za vipimo zinatumia ngazi hizo kuthibitisha omu.

Kwa hiyo kasoro haiko kwenye athari yenyewe. Iko kwenye joto la kawaida, sumaku ndogo, na silikoni inayominywa na plastiki ya chipu inapopata joto na unyevu. Huwezi kubeba heliamu ya kimiminika mtumbwini. Ukishaelewa hivyo, unajua kwa nini hakuna programu utakayoandika itakayoifanya ACS712 kuwa INA226.

Umeme wa ukutani

Friji ya kuhifadhia sangara, mashine ya kusaga, pampu, duka. Hapa hukumu yangu inageuka. Shanti kwenye volti 230 ina maana kompyuta yako ndogo, kebo yake ya USB na mkono wako vyote viko kwenye laini. Sitamshauri mtu yeyote kufanya hivyo nyumbani. ACS712 inatenganisha pande mbili ndani, lakini skrubu zake za kijani ziko wazi juu ya bodi ndogo, na kidole kinafika. Klampu haikati waya, haigusi shaba. Kwa mtu anayejifunza, hiyo peke yake inatosha kuamua.

Bana waya mmoja, laini au nyutro, si kebo nzima. Kwenye kebo ya nyaya mbili mkondo unaenda kwa waya mmoja na kurudi kwa wa pili, sumaku zake zinafutana, na klampu inasoma sifuri huku friji inanguruma.

Kosa linalofuata ni kuchagua klampu kubwa mno. SCT-013-000 inageuza ampea 100 kuwa miliampea 50. Inahitaji rezista ya mzigo, na kwa Arduino ya volti 5 tunaweka omu 33. Friji ndogo inakula labda ampea 0.7, ambayo inatoka milivolti 12 hivi. Hizo ni hatua mbili tatu za Arduino, yaani kubahatisha. Kuna SCT-013-005, inayotoa volti 1 kwa ampea 5 na ina rezista ndani tayari. Kwa friji hiyohiyo unapata volti 0.14 safi. Kama unayo ile kubwa tu, pitisha waya wa friji mara tano katikati ya tundu, na usomaji unakuwa mara tano. Ukiwa na nafasi hiyo, tumia.

Lakini ampea si wati. Mota ya friji inavuta mkondo ambao sehemu yake haifanyi kazi, na ukizidisha ampea kwa 230 utapata namba kubwa kuliko unayolipia kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Kama unataka kujua fedha, usihangaike na kujenga. Nunua moduli ya PZEM-004T, aina yenye klampu ya ampea 100. Ndani ina chipu ya silikoni inayopima volti na mkondo kwa wakati mmoja, inakupa wati, kilowati-saa na hata kigezo cha nguvu, na inafanya kazi kuanzia volti 80 hadi 260. Kuna aina nyingine yake ya ampea 10 isiyo na klampu, ambayo mkondo unapita ndani ya bodi. Hiyo mimi siiweki kwenye duka la mtu.

Hall ibaki wapi?

Ibaki pale unapotaka kujua haraka mkondo ukizidi, na hujali jumla ya mwezi. ACS712 inafuata mabadiliko hadi mara 80,000 kwa sekunde, kwa hiyo mota ya injini ya umeme ikikwama inaona papo hapo, wakati INA226 bado inatafuta wastani. Ibaki pia kwenye betri za volti 48 na zaidi, ambako INA226 haifiki, na ambako kutenganisha pande mbili kuna thamani kuliko usahihi wa miliampea. Kwenye mashua za umeme zinazojaribiwa ziwani, Hall ya kuzunguka kebo, ile yenye tundu, ndiyo ningeitumia kwa mota, na shanti ningeiweka pembeni yake kwa ajili ya daftari la betri. Zote mbili, kwa kazi mbili.

Jambo la dira, kwa wenye mitumbwi ya injini wanaoweka chipu ya sumaku ili kujua uelekeo gizani: uga wa sumaku ya dunia hapa Mwanza ni maikrotesla 33 hivi. Waya mmoja wenye ampea 10, kwa umbali wa sentimita 10, unazaa maikrotesla 20. Dira yako itageuka kila taa zikiwashwa. Sogeza chipu angalau mita moja kutoka nyaya za taa, na zisokote chanya na hasi pamoja kama kamba ili sumaku zao zifutane. Na moduli nyingi za dira zinazouzwa kwa jina la HMC5883L zina chipu ya QMC5883L ndani. Kama haijibu kwenye anwani 0x1E, jaribu 0x0D kabla hujaitupa.

Kwa yule mzee wa Igombe, sasa sanduku lake lina INA226 iliyong'olewa rezista, shanti ya ampea 100 yenye viatu vya kebo vilivyopakwa grisi, na bodi nzima imepigwa rangi ya kucha tabaka mbili kuzuia unyevu. Simu na redio vina soketi yao, upande sahihi wa shanti. Betri ikijaa, taa ndogo ya kijani inawaka na hesabu inaanza upya kwenye 100. Giza lililopita alirudi mwaloni saa 12 na nusu asubuhi, akanionyesha kioo cha mita: kilisoma asilimia 31, na taa zilikuwa bado zinawaka.